Mwaka Baba Alipokizika Kijiji Chake

Simu ya mtoto wa Tshala ilinikuta uani ninachambua sombe, majani ya muhogo. Alijitaja kwanza kwa Kifaransa, na aliponisikia nasitasita akahamia Kiswahili kilekile cha mama yake, na kabla hajasema neno lenyewe nilikuwa nimekwisha kulijua, maana kijana hampigii bibi kizee ambaye hawajaonana miaka na miaka kwa ajili ya salamu tu. Mama yake amefariki, huko Kasai. Wamekwisha kumzika. "Lakini iko neno moja, mama," akasema. "Bantu ba huku banauliza kwao ya huyu mama ilikuwa fasi gani. Banataka kuandika pa musalaba. Miye siyui niseme nini." Nilimwomba aniache nifikiri kidogo, kisha nitampigia mwenyewe. Nikarudi kwenye ungo wangu, na baada ya muda nikaona nimechanganya majani mazuri na vikonyo. Swali lile nalijua. Liliketi nyumbani kwetu mwaka mzima kama mgeni asiyeaga, likala nasi, likasikiliza mazungumzo yetu, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi, katika mji ambao wazungu waliuita Élisabethville na sisi tulikuwa tumezoea kuuita Lubumbashi.

Tulikaa Kamalondo, mtaa wa watu weusi, katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Ukuta wa kati ulitutenga na nyumba ya akina Tshala, lakini haukufika kwenye bati. Juu yake palibaki nafasi ya kupitisha mkono, na kwa nafasi ile tulipokezana chumvi, makaa, harufu za vyungu na maneno. Nikilala mchana Jumapili nilisikia kwao wanagombana kuhusu nani amemaliza sabuni, na Tshala naye alisikia mama yangu akinifundisha. Alikuwa mwenzangu wa rika, ila Mungu alipogawa sauti alimpa yake na yangu pia. Mimi nilisoma shule ya msingi kwa masista nikiketi dawati la nyuma, na nilipoitwa kusoma mbele ya wenzangu sista aliniinamia mpaka mdomoni ili asikie. Hata sasa naandika polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Tshala alikuwa akikaa juu ya kinu uani na kutaniana na wauza mkaa wanaopita mpaka wanamwachia vipande vya bure.

Mwanzoni mwa mwaka ule mguu wa baba ulivunjika, ukaungana vibaya. Aliporudi kazini akiburuta ule mguu, wakamwambia hawana kazi ya mtu wa namna ile. Siku hizo mwanamume mweusi asiye na kazi hakuwa mtu wa mjini. Ofisi ya Bulamatari, yaani serikali, ilimpa karatasi ya kukaa kwa sababu ya kazi yake, na kazi ikikatika karatasi nayo hukatika, naye hupakiwa katika lori yeye na mke na watoto na masufuria, arudishwe kwao. Kwao baba ilikuwa kijiji kidogo kando ya Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Si ile Kilwa ya pwani niliyokuja kusikia habari zake baadaye. Mimi sikuwa nimefika huko. Mama, aliyezaliwa Kambove kwenye machimbo, hakuwa amefika. Lugha ya huko niliijua kwa maneno ya kumkemea mbwa na ya kuombea chakula. Lakini katika mstari wetu wa nyumba tulikwisha kuona milango miwili mitatu ikifungwa kwa namna ile, na kila lori lililopunguza mwendo karibu na bomba la maji lilinifanya nihesabu vitu vyetu kwa macho: kitanda, meza, mashini ya kushona ya mama, picha ya Bikira Maria. Nilijiuliza kipi kitabaki.

Baba aliketi barazani kwenye benchi, mguu juu ya kasha la sabuni, na watu walikuja kumpa pole. Aliyekuja zaidi ni Mulenga, mtu wa kusini mpakani, aliyekuwa akitia makaa katika treni ya kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka kwa Waingereza. Kabila lake na la baba ni watani tangu mababu, kwa hiyo aliweza kumwambia baba maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo. Jioni moja, mama akisonga bukari na mimi nikishika sufuria kwa vitambaa, nilimsikia anasema: "Weye Kabwe, unalilia nini? Bakikurudisha, utakula samaki mpaka umee magamba."

"Na batoto?" baba akasema. "Batoto haba habayui hata kushika kasia."

"Basi bazungu banasema uko mwenye inchi. Kule Ndola, pa steshoni, bameandika pa mulango neno la Kingereza: netivu. Niliuliza karani moja maana yake. Akasema, ni muntu mwenye kuzaliwa pa fasi, mwenye inchi yake. Nikafurahi, nikasema, aa, kumbe bananiheshimia! Kisha nikatafuta huo mulango wa mwenye inchi. Uko nyuma, karibu na takataka."

Walicheka. Baba wa Tshala, aliyekuwa ng'ambo ya ukuta, akaingilia kutoka kwake bila kuinuka: "Hapa kwa Kifaransa banatuita endijeni. Njo ile ile. Tuko benye inchi bote, lakini tunaomba karatasi ya kulala mu inchi!"

"Mugeni njo anatoa ruhusa," Mulenga akasema, "na mwenyeji njo anaomba." Wakacheka tena, ila baba aliacha kabla ya wenzake. Nilikuwa nimesimama na vitambaa mkononi, nikaona mama naye amekoma kusonga. Mimi nilifikiri neno likiwa moja basi maana yake ni moja. Jioni ile nilielewa kwamba kuna neno ambalo mtu anaweza kukupa kama heshima asubuhi, na jioni akakufukuza kwa neno hilohilo.

Tangu siku ile mama alianza kutufundisha, mimi na wadogo zangu. Alikuwa amesikia kwa wanawake wa bombani kwamba kabla ya kumtoa mtu, ofisi hutuma karani apite nyumbani aulize watu kwao ni wapi, na kwamba anayeonekana hana pa kurudi huweza kuachwa. Mapadri wa misheni walikuwa tayari kumpa baba kazi ya kulinda lango, kazi ya kukaa, lakini ofisi ilisema kazi za namna ile ni za watu wasio na kwao. Mwenye kwao arudi kwao. Basi kila asubuhi, ninapofagia, mama angenisimamia na kuniuliza kwa sauti ya karani: "Weye kadada, kwenu wapi?" Nami nijibu: "Hapa, Lubumbashi." Neno dogo, lakini lilikataa kutoka. Kwetu, mtoto aliyelelewa akiulizwa hutaja kijiji cha baba yake, hata kama hajakiona, hata kama baba naye alikitoka akiwa mchanga. Kusema "kwetu ni hapa" ni kusema hukuzaliwa na mtu, uliokotwa njiani. Baba aliketi palepale barazani, na mlango ulikuwa wazi.

"Rudilia," mama alisema.

"Hapa, Lubumbashi."

Kutoka juu ya ukuta ikaja sauti ya Tshala: "Ee Monika! Ukisema vile, hata kuku hawezi kukusikia!"

Yeye kwao walimfundisha kinyume. Baba yake alikuwa na kazi nzuri dukani, hakuwa na hofu ya lori, naye alitaka watoto wake wajue wanatoka Kasai. Tshala aliimba majina ya mito ya Kasai kama sala, kisha akashuka kutoka kwenye kinu na kuniuliza kwa kunong'ona kama mto ni mkubwa kuliko mfereji wa pale sokoni, maana hakuwahi kuona mto wowote mwingine.

Karani alikuja baada ya mvua za mwisho. Jina lake Alfonsi, mtu mweusi kama sisi, kofia ya jua, soksi ndefu, viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi. Alikaa mtaa huohuo, nyumba za mbele, na kanisani alituongoza kuimba; lakini siku ile hakutujua. Alibisha hodi, akapewa kiti, akamwuliza baba jina na kazi aliyoifanya. Kisha, badala ya kuendelea na baba, akamgeukia mama. Nafikiri alitaka kumrahisishia baba. Nafikiri alijua kilichofundishwa kila nyumba. "Na weye, mama? Kwenu wapi?"

Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, neno langu tayari mdomoni. Nilimwona mama akimtazama baba. Baba hakumtazama. Alikuwa ameinamia ule mguu wake, ameuwekea mikono miwili kama mtu anayemfunika mtoto asipate baridi. Mama aliyekuwa ametufundisha miezi yote ile, aliyenikemea kwa sauti yangu ndogo, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mwanamke aliyeolewa vizuri, akasema wazi: "Kwetu ni Kilwa, karani. Kwa bwana wangu."

Karani alisubiri kidogo, kama mtu aliyempa mwenzake nafasi ya kujirekebisha. Alfonsi akavaa kofia yake, akasema tutaitwa.

Siku ile tulikula bukari na bilolo, majani machungu, na nakumbuka hakuna aliyeomba maji. Baada ya kula nilisukwa nywele kwa akina Tshala, kichwa changu kwenye magoti ya dada yake, na kupitia ile nafasi ya juu ya ukuta tulisikia sote, hata mikono ya dada yake ikasimama kichwani mwangu. "Juu ya nini ulisema vile?" baba aliuliza. Mama akasema: "Ningesema nini, na weye uko pale? Niseme batoto bangu habana baba?" Kisha sauti ambayo sikuijua, nikafikiri ni mbwa. Tshala, ambaye hakunyamaza kwa lolote, aliniwekea kiganja sikioni.

Asubuhi baba alichukua fimbo, akaenda ofisini peke yake kwa miguu, mwendo ambao hata kwa mtu mwenye miguu miwili mizima ni mrefu, sembuse yeye. Alirudi jua limepanda. Hakuingia ndani. Alichukua kata ya maji mtungini, akasukutua kinywa, akatema nje ya uzio. Akasukutua tena, akatema. Tena, mpaka mama akamshika mkono. "Nilisema kwetu kulikufa," akamwambia. "Nilisema bote bamekwisha, ndugu yangu pia. Hakuna muntu. Nilisema, kule kumebaki manyasi." Mama aliweka mikono kichwani. Nyumba za watu ambao wako hai hazitamkiwi kifo. Neno likitoka linatafuta pa kutua. Mimi leo najua kwamba wengi mjini walitafuta njia zao za kubaki, kila mtu kwa akili yake, na wazungu wenyewe walikuwa wamejenga mlango huu wa uongo kwa kuuliza swali lisilo na jibu zuri. Lakini siku ile nilimwona baba kama mtu aliyerudi kutoka kuzika, na kaburi analo yeye mdomoni.

Tuliachiwa. Baba alipewa kazi ya kulinda lango la misheni, na karatasi ikafanywa upya. Ungefikiri hofu iliisha. Hapana, ilibadilisha kiti tu. Msimu wa baridi kavu ulipoingia, malori ya Kilwa yalianza kushusha samaki sokoni, wale wa moshi, waliokunjwa mkia mdomoni, na kila dereva alikuwa mtu anayewajua watu wa ziwani. Mama alikataza samaki wale nyumbani. Mtu asiye na kwao anapelekewaje samaki wa kwao? Tulikula sombe bila samaki, maharagwe bila samaki, na baba alipopita sokoni alivuka upande wa pili ili harufu isimfuate. Akina Tshala wakipika samaki, yeye hutoka nje. Karani Alfonsi tulimwona kila Jumapili kanisani, na kila alipogeuka kuongoza wimbo niliona anageukia sisi.

Siku moja mchana, nikichota maji, Tshala alikuja mbio bila ndoo yake. "Kwenu iko muzee," akasema. "Iko na sura ya baba yako, lakini imekauka."

Alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye baba, alipoondoka kijijini akiwa kijana, alimwacha akitengeneza nyavu. Nilimkuta ameketi katikati ya chumba, juu ya furushi lake mwenyewe. Alikataa benchi yetu. Baba alikuwa amepiga magoti mbele yake, ule mguu mbovu umenyooka pembeni. Mama alileta maji ya kunawa, mgeni hakunawa. "Dereva wa samaki alisikia habari mu soko ya huku, akatuambia pa Kilwa kama ndugu yetu ametuzika bote," akasema. Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi nilisema, niende. Nimekuya kuona mwenye kutuzika."

Nilitamani Tshala anipe sauti yake niseme mimi, kwamba ni kwa ajili yetu, kwamba ni mimi nisiyejua kushika kasia. Nilibaki mlangoni na ndoo kichwani, maji yakinichuruzika shingoni.

Aliyetuokoa kwanza ni Mulenga. Sijui nani alimwita. Aliingia na masizi yake ya treni, akamtazama mgeni kutoka unyayo hadi utosi, akamgeukia baba: "Kabwe, huyu njo ule ulimuzika?"

"Njo yeye," baba akasema chini chini.

"Ulimuzika vibaya. Angalia, ametoka." Akamzunguka mzee yule. "Na matanga yake iko wapi? Miye ni mutani, ulitangaza lufu ya ndugu yako, haukunipatia hata kikombe ya munkoyo! Na weye, muzimu, unakuya mu nyumba ya bantu na furushi inanuka hivi, kisha unakatala kukula? Nani alisikia muzimu wa kukatala chakula?"

Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria, na sheria ile ni ya zamani kuliko ofisi yoyote. Baba Mkubwa alijizuia, akakaza midomo, kisha kicheko kikamponyoka puani, na baada yake machozi. Akainuka juu ya furushi, akalifungua. Samaki. Wengi, wa moshi, weusi na wanono, aliotuletea licha ya kila kitu. Mama hakukumbuka katazo lake. Kabla ya muda mrefu nyumba nzima ilinukia ziwa ambalo sikuwahi kuliona, na sisi tulikaa chini kuzunguka sinia, ndugu wawili wakichovya tonge upande mmoja. Nilikuwa na samaki mdomoni niliposikia juu ya ukuta: "Monika! Karani anakuya! Iko pa bomba!"

Pa kuficha harufu hapakuwa. Pa kumficha mzee hapakuwa pia. Chumba cha ndani hakikuwa na mlango, ila pazia. Mama aliweka mkono juu ya sinia kama anayeweza kulifunika lote. Hodi ikapigwa, na Alfonsi akaingia na kofia yake. Alitazama samaki. Alimtazama mzee, kisha baba, kisha mzee tena, na hata kipofu angeona ni pua moja. Hakuna aliyetafuna. Nilifikiria mashini ya mama ikipandishwa kwenye lori. Nilifikiria baba akiitwa mwongo mbele ya wazungu, na lango la mapadri likipewa mtu mwingine.

"Na weye, muzee," karani akasema, "kwenu wapi?"

Baba Mkubwa hakuwa ameelezwa. Hakuna aliyepata muda wa kumweleza kazi, karatasi, wala maneno yaliyosemwa ofisini. Alikuwa amesafiri siku kadhaa juu ya gunia la samaki kwa sababu ya jina la kijiji kimoja tu. Aliweka tonge lake chini. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mama, kisha akanitazama mimi pale nilipokuwa nimeganda, na nafikiri wakati ule aliona kila kitu.

"Kwetu?" akasema. "Kwetu kulikufa, mwanangu. Kitambo. Hakuna muntu."

Alfonsi akavua kofia, akavuta kasha la sabuni la baba, akaketi, akanyoosha mikono mama ammwagie maji. Akakata tonge, akachovya, akala kipande kikubwa kutoka ubavuni, akafuta vidole vyake polepole. "Samaki ya bantu benye kufa iko mutamu," akasema. Mulenga alicheka mpaka akakohoa. Karani hakucheka. Alikuwa amekuja, alisema, kumwita baba kwa mazoezi ya wimbo wa Jumapili, akaondoka.

Baba Mkubwa alilala kwetu, na kesho yake Mulenga akamtafutia lori. Alipotuaga sote alisimama kwanza pale uzioni, akaomba kata ya maji. Alisukutua kinywa, akatema nje. Akasukutua tena, akatema. Baba alisimama kando yake kwenye fimbo, wakasukutua pamoja bila kusema, mpaka kata ikaisha.

Mwaka ule niliuweka moyoni nikidhani umepita. Nilikuwa bibi mwenye wajukuu lile neno liliporudi mjini, safari hii vinywani mwetu wenyewe: wenyeji, na wasio wenyeji. Hapakuwa na mzungu hata mmoja. Tshala aliambiwa na watoto wa majirani, watoto aliowapangusa pua, kwamba arudi kwao. Kwao, kwenye mito aliyoiimba juu ya kinu bila kuijua. Nilimsindikiza mpaka steshoni nimembebea unga. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Alinitania hata pale. "Monika," alisema, "ukiulizwa, sema kwa nguvu." Huko alikokwenda, aliniambia baadaye kwa simu, walimwita mama wa Lubumbashi.

Nilimaliza sombe, nikaiweka jikoni, nikampigia yule kijana. Nikamwambia aandike Kamalondo, Lubumbashi. Na kama watu wa huko watauliza kama kuna mtu wao yeyote huku, awaambie kwao Tshala hakujafa, kuko muntu, niko hapa.

"Mama, sauti yako iko mbali," akasema. "Sisikie. Rudilia."

Nikarudia. Wajukuu walitoka nje kuona ninamgombeza nani, na kuku wa jirani wakakimbilia ng'ambo ya uzio.